Mbuzi Wamehongwa

Kanuni yake ilikuwa moja, na kila mgeni aliisikia akiwa bado ameinama mlangoni kuvua viatu: "Mtu havuki korongo kabla mbuzi hawajavuka."

Wengine walicheka wakidhani ni mzaha. Yeye hakucheka, wala hakurudia. Aliwaonyesha gogo refu lililolazwa juu ya nguzo mbili nyuma ya nyumba, likiziba njia ya kileleni, kisha akawaonyesha ndara za kuvaa ndani. Kwa sababu ya gogo hilo wapanda mlima walimwita Mama Kizuizi, na jina likamganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Alitunza nyumba ya wageni iliyojengwa juu sana mlimani, mahali ambapo miti imekoma na nyasi zenyewe zinasitasita. Ilikuwa na vyumba viwili vikubwa vyenye vitanda vya juu na chini, ukumbi wa kulia wenye meza tatu ndefu, na jiko la kuni la chuma lililokuwa moyo wa nyumba. Juu ya jiko palipitishwa kamba, na kwenye kamba hiyo zilining'inia soksi za watu wa kila aina: wakili, mchomea vyuma, mwanafunzi, mstaafu. Soksi zikishaloa haziulizi cheo cha mguu.

Kazi yake haikuwa na jina moja. Alipika, alifua mashuka, alizibua mabomba yaliyoganda, alifunga malengelenge ya waliokuja na viatu vipya, na kuwagombeza waliokuja bila koti. Lakini kazi aliyoithamini kuliko zote ilichukua nusu saa tu. Saa kumi na mbili asubuhi alitoka na darubini shingoni na chaki mfukoni, akasimama kwenye mwamba ulio nyuma ya choo, akatazama. Kisha akarudi kuandika kwenye ubao ulio kando ya mlango wa jiko. Aliandika alichokiona kwa macho yake, hakuandika alichokisikia redioni wala alichotamani kiwe. "Upepo wa wastani. Ukungu bondeni tu. Mvua ya mawe baada ya saa nane. Mbuzi hawajapita."

Mstari huo wa mwisho ndio ulioleta maneno.

Kutoka nyumbani hapo kwenda kileleni kuna njia moja tu, na njia hiyo inakatwa na korongo. Majira ya baridi korongo hujaa theluji mpaka mdomoni. Majira ya machipuko yakifika, theluji ile kwa juu hubaki nyeupe, laini, imetandazwa kama shuka la hospitali. Lakini chini yake kijito kimeshaamka. Kinapita gizani kikiila theluji kutoka tumboni, siku baada ya siku, mpaka kinachobaki ni paa lisilo na nyumba. Mtu anayesimama ukingoni haoni kitu. Mbuzi mwitu wa mlima ule wanajua. Ukiwauliza wataalamu watakwambia ni kwato, au masikio, au pua. Mama Kizuizi hakujali ni kiungo gani. Alijua kwamba kila mwaka mbuzi hushinda upande wa huku mpaka siku fulani, kisha huvuka kwenda kwenye majani mapya ya upande wa pili, na tangu siku hiyo njia ni salama.

Kanuni hiyo aliirithi kwa shangazi yake, aliyeitunza nyumba kabla yake. Shangazi aliisema kwa urefu zaidi: "Usitazame mbuzi tu, mwanangu. Tazama jike mwenye mtoto. Beberu ni mwanamume, anaweza kupita mahali kwa ujinga tu. Mama hapitishi mtoto mahali asipopaamini." Maneno hayo ni marefu kumwambia mtu aliyeinama akihangaika na fundo la kamba ya kiatu, kwa hiyo Mama Kizuizi aliyafupisha. Kanuni ikifupishwa kwa ajili ya wageni, mwenyeji naye huja kuusahau urefu wake. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu ndipo kosa lake lilipo, na yeye mwenyewe hakulificha.

Kwa miaka kumi na saba hakuna aliyemshinda. Wapanda mlima walimtania asubuhi wakishika vikombe vya chai.

"Mama Kizuizi, mbuzi wamesemaje leo?"

"Wamesema uvae soksi kavu."

"Na kilele je?"

"Kilele hakina miguu. Utakikuta."

Na walikaa. Walishuka mabwawani kuangalia vyura wakitaga kwenye maji yaliyoyeyuka jana yake. Walilala chali juani wakiwatazama mbayuwayu waliorudi kukarabati viota vyao chini ya dari ya baraza, wakibeba tope mdomoni kama mafundi wanaolipwa kwa tofali. Walitazama maua madogo ya zambarau yanayotoboa theluji bila kungoja ruhusa. Kabla ya saa sita jua lilichoma mashavu, na ikifika saa nane wingu lilipanda kutoka bondeni na kumwaga mvua ya mawe juu ya bati, kelele tupu, watu wasisikizane. Baada ya hapo jua lilitoka tena kana kwamba halikuona kitu. Hayo ndiyo machipuko ya huko juu: siku moja ina tabia nne, na hakuna hata moja ya kuaminika.

Kisha nyumba ikabadili mikono. Chama cha wapanda mlima kilichokuwa kikiimiliki kilizeeka pamoja na wanachama wake, kikaiuza kwa kampuni. Kampuni ikaleta meneja. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amezoea kupanga mambo ambayo hukubali kupangwa. Aliichagua Jumamosi moja ya machipuko, akaitangaza kuwa siku ya ufunguzi wa njia ya kileleni, na watu ishirini na wanane wakajiandikisha. Alipiga simu Jumatatu. Simu kule hushika mahali pamoja tu, juu ya ule mwamba wa nyuma ya choo, kwa hiyo Mama Kizuizi alipokea maagizo yake akiwa amesimama na ndoo mkononi.

"Jumamosi gogo liwe limeondoka," meneja alisema.

"Likiondoka nitakwambia."

"Sikuulizi, mama. Nakwambia."

"Na mimi nakujibu, mwanangu. Mbuzi hawajapita."

Kisha meneja akauliza, polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, kama mbuzi hao wana namba ya simu.

Maongezi hayo yalisikiwa na mtu mmoja aliyekuwa akipasua kuni karibu: shemeji yake, mume wa mdogo wake wa tumbo moja. Huyu alikuwa mwongoza wapanda mlima, hodari, mcheshi, anayejua kila jiwe. Lakini mwongozaji asiyepandisha watu ni sawa na muuza mwavuli wakati wa kiangazi. Tangu theluji ya kwanza hakuwa amepandisha mtu. Wale ishirini na wanane walikuwa wake.

"Shemeji," alisema akiweka shoka chini, "mbuzi hawana kalenda. Wanaweza kuchelewa kwa uvivu tu."

"Mvivu ni binadamu. Mbuzi akichelewa ana sababu."

"Na Jumamosi je?"

"Jumamosi itakuja. Haijawahi kukosa."

Akacheka, naye akacheka. Walikuwa wanapendana, hawa wawili. Mama Kizuizi ndiye aliyempeleka shemeji kwa wazazi kuposa, miaka ile, mdogo mtu alipokuwa anaona haya.

Alhamisi asubuhi mbuzi walivuka.

Aliwaona kwa darubini saa moja kasoro, jua likiwa ndiyo kwanza linagusa ukingo wa juu. Mbele alikuwa beberu mkubwa mwenye pembe moja iliyovunjika, ambaye wageni walimwita Diwani kwa jinsi alivyopenda kutangulia. Nyuma yake waliandamana wengine. Aliwahesabu: tisa. Walipita katikati ya theluji bila kusita, wakapanda upande wa pili. Mama Kizuizi alishusha darubini, akashusha pumzi. Aliandika ubaoni: "Upepo hafifu. Anga safi. Mbuzi wamepita." Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akalishika gogo upande mmoja na shemeji yake upande wa pili, wakalishusha.

Wageni waliokuwa ukumbini walipiga makofi. Fundi saa mmoja na mkewe, waliokuwa wamesubiri siku nne, walifunga mikoba wakaondoka papo hapo, hata chai hawakumaliza. Shemeji alishangilia kuliko wote. Alimbeba Mama Kizuizi juujuu, mwanamke mwenye kilo themanini, akamzungusha.

"Nilikwambia, shemeji! Nilikwambia!"

"Niteremshe, utateguka kiuno. Nani atawapandisha hao ishirini na wanane?"

Baada ya nusu saa hivi alikwenda kumwaga chumvi mlangoni. Ngazi ya upande wa kivuli huganda kila usiku, na dawa yake ni chumvi ya mawe, ile nene, inayowekwa kwenye pipa chini ya baraza. Pipa lilijazwa Jumatatu na wapagazi. Alitia kopo ndani, mkono ukaenda mpaka kwenye kiwiko bila kugusa kitu. Alisimama pale akilitazama pipa. Kisha aliacha kopo likaanguka, akakimbilia mwambani na darubini.

Mbuzi waliovuka kutafuta majani hutawanyika. Kila mmoja na kichaka chake, kichwa chini, mkia unachezacheza. Wale tisa hawakuwa wametawanyika. Walikuwa wamesongamana kwenye jiwe moja bapa, wakisukumana kwa mabega, wakilamba. Akageuza darubini upande wa huku. Chini ya mwamba mwekundu walikuwepo majike watano, na miguuni mwa majike hao watoto saba, wamesimama ukingoni mwa theluji, wanatazama upande wa pili na hawaendi.

Alikuwa amehesabu vichwa. Hakuwa amewatafuta watoto.

Hapo hakujilaumu kwanza. Kujilaumu ni starehe ya mtu mwenye nafasi. Alichukua fimbo ndefu iliyoegemea ukuta, akakimbia na ndara zake za ndani, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, aproni kiunoni, akipita kwenye matope na mawe. Wageni walitoka barazani kumtazama. Aliwakuta fundi saa na mkewe hatua kumi kutoka ukingoni. Mume alikuwa akipiga picha, mke akikaza kamba ya kiatu. Kiatu hicho ndicho kilichowachelewesha.

"Rudini!"

"Si umesema wamepita?" fundi saa aliuliza.

"Nimesema. Nimekosea. Rudini."

"Mama, sisi tumesubiri siku nne..."

Hakubishana naye. Alisogea mpaka ukingoni, akanyoosha fimbo, akaigonga theluji mara tatu. Ilijibu kama debe tupu. Mke wa fundi saa alisimama na kamba ya kiatu bado mkononi, akamwambia mumewe, "Twende." Wakarudi wote watatu. Njiani ndara moja ilibaki kwenye tope, akaiacha.

Shemeji alikuwa jikoni akila mkate. Alipomwona anaingia na mguu mmoja mtupu alijua.

"Ulitia chumvi lini?" Mama Kizuizi aliuliza.

"Shemeji, kaa kwanza."

"Lini?"

"Jana alfajiri. Kidogo tu."

"Nusu pipa."

"Sawa, nusu pipa. Lakini sikiliza." Aliweka mkate chini. "Mimi mwenyewe nilivuka kuipeleka. Na gunia mgongoni! Nikavuka tena kurudi. Hebu nitazame. Nimekosa wapi? Nina pembe? Nimekufa?"

Hilo lilikuwa neno lenye uzito, na mwenye kusimulia kwa haki lazima aliweke mahali pake. Alivuka kweli, mtu mzima mwenye mzigo, na alikuwa mzima. Mama Kizuizi hakulikwepa.

"Ulivuka alfajiri," alisema. "Theluji imeganda usiku kucha, ngumu kama sakafu. Na hao mbuzi wamevuka asubuhi na mapema. Watu wako watafika korongoni saa ngapi?"

"Saa tano hivi."

"Jua limeshawaka saa nne nzima."

"Basi nitawatoa alfajiri. Nitawaamsha mwenyewe."

"Na kurudi? Watarudi saa tisa, baada ya mvua ya mawe, wamechoka, wanaburuta miguu. Au umewaandalia vitanda kileleni?"

Shemeji aliokota makombo ya mkate mezani. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mdogo wako mwenyewe yuko nyumbani na watoto, shemeji. Mimi nawaambia nini?"

"Waambie ukweli. Waambie mlima haujafunguka."

"Ukweli hauliwi."

"Wala chumvi hailiwi peke yake. Tena chumvi hutiwa chakulani, shemeji. Njia haitiwi chumvi."

Alitoka, akalirudisha gogo juu ya nguzo peke yake, upande mmoja kisha mwingine, akitumia bega. Kisha akachukua chaki. Mtu mwingine angefuta mstari wa asubuhi na kuandika upya, asijulikane kwamba alikosea. Yeye hakufuta. Chini ya "Mbuzi wamepita" aliandika: "Wamehongwa. Njia imefungwa."

Wageni walicheka mpaka machozi. Wakapiga picha. Walioshuka mlima siku hiyo walishuka na picha hizo kwenye simu, na kabla ya jioni watu ambao hawajawahi kupanda hata ngazi za ghorofa walikuwa wanaulizana nani kahonga mbuzi. Mzaha ulimfikia meneja ofisini. Ijumaa, mchana, alifika mlimani akitweta, suruali imelowa mpaka magotini.

Hakwenda jikoni kuzungumza pembeni. Alisimama ukumbini, mbele ya wageni kama kumi na watano waliokuwa wakinywa supu.

"Futa ubao."

"Umesoma?" Mama Kizuizi aliuliza akiendelea kugawa mkate.

"Nimesoma. Nchi nzima imesoma."

"Basi umeshajua kwa nini siufuti."

Meneja aliketi. Alijaribu upole, na tusimnyime sifa hiyo. "Mama, tusikilizane. Neno moja tu. Ondoa hilo 'wamehongwa' na hilo la njia. Acha 'Mbuzi wamepita'. Si ni kweli wamepita? Wewe mwenyewe uliwaona. Sikuambii uandike uongo."

Watu waliacha kula. Kwa maoni yangu hapo ndipo mtihani wenyewe ulipokuwa. Uongo mtupu humtisha hata mwongo. Unaowaangusha watu waadilifu ni ukweli uliokatwa mkia.

"Mbuzi wamepita, ni kweli," alisema. "Na panya huingia mtegoni kwa miguu yake. Niandike kwamba panya amehamia?"

Mtu mmoja alicheka, akaona hakuna mwenzake, akakohoa.

"Wewe ni mtunza nyumba au msemaji wa mbuzi?"

"Mtunza nyumba. Nyumba bila watu ni mbao."

"Nina mwongozaji mwenye uzoefu wa miaka kumi na mbili. Anasema korongo linapitika."

"Muulize chumvi ilifikaje kule."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Meneja alimgeukia. Shemeji alitazama viatu vyake, kisha akasema, "Linapitika." Safari hii hakuongeza neno "shemeji".

Meneja aliinuka, akachukua kitambaa cha vyombo, akafuta mstari wa chini. Mama Kizuizi alitoa chaki mfukoni, akauandika tena. Meneja akafuta. Akaandika. Mara ya tatu meneja alishika kitambaa bila kukiinua, kwa sababu ilikuwa dhahiri mbele ya wote kwamba chaki ipo ya kutosha.

"Nipe funguo," alisema.

Alizitoa kwenye aproni. Zilikuwa kumi na moja. Alimwelekeza kila moja ni ya wapi, hata ile ya ghala la kuni ambayo lazima uinyanyue kidogo ndipo izunguke. Akamkumbusha kwamba bomba la choo cha kushoto liachwe likidondoka usiku, la sivyo litapasuka. Kisha akamalizia kugawa mkate, maana supu ilikuwa inapoa.

Jumamosi wale ishirini na wanane walifika saa nne na robo, makoti ya rangi kali, fimbo mpya, furaha tele. Nyuma ya nyumba walimkuta mwanamke ameketi juu ya gogo. Miguuni alikuwa na ndoo mbili, moja ya viazi na moja ya maji, na kisu kidogo mkononi. Alikuwa anamenya.

"Mama, ondoka hapo," meneja alisema. "Huna kazi hapa tena."

"Najua. Ndiyo maana siondoki kwa amri yako. Nilipokuwa mfanyakazi ningeondoka." Akatupa kiazi majini. "Hawa watataka chakula cha mchana. Mtu asiye na kazi anaruhusiwa kusaidia."

Mzee mmoja kati ya wageni, kifua mbele, alisema alikuwa amelipa, na alipanga safari hii tangu mwaka jana.

"Pita, baba," alimjibu. "Sikushiki. Inua mguu juu ya gogo hapo, si refu. Ila kabla hujainua nitakueleza kitu kimoja, kisha amua mwenyewe kama mtu mzima." Akamweleza: kijito, jua, debe tupu, chumvi, majike watano waliosimama ukingoni na watoto saba. Hakupaza sauti, wala hakumtaja shemeji yake kwa wageni hao. Alisema tu "mtu". Mkono haukuacha kumenya. Akamaliza: "Wale mama bado wako kule. Chukua darubini, watazame. Wakivuka, nakubebea mkoba mpaka kileleni."

Mzee akachukua darubini. Akatazama kwa muda mrefu. Akamrudishia, akakaa juu ya jiwe.

Wa kwanza kuketi juu ya gogo kando yake alikuwa mke wa fundi saa, ambaye angeweza kuwa ameshashuka mlima tangu jana. Aliomba kisu cha pili. Hakikuwepo, akaosha viazi. Shemeji aliita watu wake mara mbili, akipiga makofi kuwachangamsha: "Haya jamani, jua halitungoji!" Vijana wanne walisogea mpaka kwenye gogo. Wakasimama. Ni vigumu kumruka mwanamke anayekumenyea chakula. Mmoja akasema wangeenda mabwawani kwanza, kupasha miguu moto. Wakaenda wote, na hawakurudi kuulizia kilele. Walikula viazi saa saba, na saa nane mvua ya mawe ikapiga bati kama kawaida yake.

Alishuka mlima kesho yake akiwa na sanduku moja na darubini.

Msomaji atataka kujua kama theluji ya korongoni iliporomoka. Hakuna ajuaye. Njia ya mlimani haina mlinzi, na korongo halipigi kelele kwa ajili ya mtu. Meneja, baada ya aibu ile, hakuthubutu kupeleka kundi mpaka wiki tatu zilipopita, na wakati huo palikuwa na mawe matupu na kijito cha kuruka kwa hatua moja. Majike walishavuka na watoto wao, siku ambayo hakuna aliyeiandika. Meneja husema mpaka leo kwamba hatari haikuwepo. Mama Kizuizi alipopelekewa maneno hayo alijibu, "Kweli. Haikuwepo kwa sababu watu hawakuwepo." Anayezuia msiba hapewi cheti, kwa kuwa hana maiti ya kuonyesha. Wahenga walisema heri lawama kuliko fedheha. Hawakusema lawama ni nyepesi.

Sasa anaosha vyombo katika bwalo la shule bondeni, ambako dirisha linatazama ukuta. Ubao wa nyumba ile umeondolewa, na mgeni akitaka hali ya hewa anaambiwa atazame simu yake. Shemeji alikosa kazi machipuko yale yote, kisha akaenda kubeba mizigo sokoni. Mdogo mtu alituma ujumbe mmoja: "Dada, ungeweza kunyamaza." Alimjibu kwa neno moja, "Nisingeweza," na tangu hapo hawajasemezana.

Ilimgharimu kazi ya miaka kumi na saba, chumba chenye dirisha linalotazama njia ya mbuzi, na ndugu yake wa pekee. Watu ishirini na wanane walirudi makwao, na wengi wao hawalijui hata jina lake.